Gari la Marehemu

Marehemu baba aliacha saa ya mkononi, redio, baiskeli yenye tairi moja, makoti manne na gari. Tuligawana Jumapili moja sebuleni, baba mdogo akiwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyekuja na miwani. Mdogo wangu wa kike alichukua redio na saa. Baba mdogo alijikabidhi makoti, akasema yanamkaa vizuri, na hakuna aliyebisha. Gari likaja kwangu, mtoto wa kwanza tena wa kiume, bila hata kujadiliwa. Mama alikuwepo muda wote. Aliketi karibu na mlango akimenya machungwa, na kila aliyenyoosha mkono alipewa kipande. Hatukumwuliza neno, naye hakusema neno, tukachukulia kwamba ameridhika.

Gari lenyewe lilikuwa bandani nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kwa miaka thelathini na tisa. Lilipoegeshwa mimi nilikuwa na miaka sita. Tangu siku hiyo baba alikuwa akisema limebakiza kitu kidogo tu, gia, na kwamba akipatikana fundi wa maana tutaliona barabarani. Fundi wa maana hakupatikana. Mtaa wetu una gereji tatu, lakini zote, kwa maelezo ya baba, ni za wababaishaji.

Hata hivyo hapakuwa na gari lililopewa heshima kama lile. Picha yake ilitundikwa sebuleni: baba kaweka mguu mmoja juu ya bampa, funguo zinaning'inia kidoleni, kidevu kiko juu. Mgeni hakunywa chai kabla hajaonyeshwa picha hiyo. Mimi nilikua nikiitazama picha ile, na nilichotaka maishani kilikuwa kimoja: kuketi pale alipoketi baba, nipite barabarani taratibu, watu waseme mzee karudi.

Nafundisha historia sekondari. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu wasimwamini msimulizi mpaka awaonyeshe ushahidi. Nalisema hili mapema ili anayetaka kunicheka asisubiri mwisho.

Mdogo wangu alianza kunicheka siku ileile ya mgawo. "Kaka, wewe unajua kuanza tu," aliniambia, kisha akanikumbusha banda la kuku lisilo na paa na kozi ya jioni niliyoihudhuria jioni mbili. Banda la gari alilitaka yeye, ajenge vyumba viwili vya kupangisha. Tukaafikiana mbele ya baba mdogo kwamba mwaka ukiisha gari halijatoka getini kwa nguvu zake lenyewe, atamwita mtu wa vyuma chakavu. Nilikubali haraka, kama wanavyokubali watu wasiojua wanachokubali.

Mama naye alikuwa na shida yake. Mdogo wake, yaani mama yetu mdogo, anaishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, na miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Walikuwa hawajaonana miaka miwili. Mama aliniomba nimpeleke, nikamwambia avumilie kidogo, nitampeleka kwa gari la baba likishapona. Wazo hilo lilinipendeza sana. Nilikuwa na gari langu, zima, linalowaka kila asubuhi na kunifikisha kazini, lakini kumpeleka mama kwa mdogo wake kwa gari la kawaida niliona ni kumpunja. Aliuliza tena baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Kila mara nilimpa jibu lilelile, na kila mara alisema, "Haya, mwanangu."

Fundi niliyempata aliitwa Taratibu, jina alilopewa na wateja wake, wala si kwa kumsifu. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, asiyefungua boneti kabla ya kulizunguka gari zima mikono ikiwa nyuma. Siku tulipovua turubai, panya walitoka kwenye kiti cha nyuma wakiwa wameudhika. Sakafu upande mmoja ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona ardhi. Taratibu akazunguka mara mbili, akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akatoka akisugua magoti.

"Mwalimu, aliyekuwa akiendesha hili gari alikuwa mfupi," alisema.

Nilimweleza kwamba baba alikuwa mrefu, kila mlango wa nyumba ile ulimpiga kichwani. Taratibu akanionyesha kiti: kilikuwa kimefungwa kwa bolti mbele kabisa, na chini yake kimeinuliwa kwa ubao. Akanionyesha pedali za klachi na breki, kila moja imefungiwa kipande cha mbao ili mguu ufike. Mbao zile zilikuwa zimelika kwa kukanyagwa. Nikamwambia baba alikuwa na matatizo ya mgongo. Sijui nilikitoa wapi kile kitu, maana mgongo wa baba haukuwahi kuuma hata siku moja. Nikamwagiza aondoe mbao zote, arudishe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Akasema atafanya hivyo mwishoni.

Wiki ya pili alishusha giaboksi, akaifungua juu ya meza na kuiangalia. Akanipigia simu shuleni kuniambia kwamba haina ugonjwa wowote. Meno yote yapo, hakuna lililovunjika, ukibadilisha oili na kuipangusa inafanya kazi. Nikamwambia aiangalie vizuri, kwa sababu baba alisema gia. Akasema ameiangalia vizuri. Nikasema basi labda imejiponya yenyewe. Taratibu akauliza kama nina kipindi saa hizo.

Vingine vyote lakini vilikuwa vibovu kweli. Kabureta ilijaa udongo wa nyigu, tenki lilitoboka, breki hazikuwepo kabisa. Kioo cha mbele tulikipata kwa mjane mmoja aliyekuwa amekitumia kufunikia miche, na taa moja ya nyuma ilikuja kwa basi ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Kila Jumamosi nilivaa ovaroli mpya na kumshikia Taratibu tochi. Nilijifunza kuvuta hewa kupitia meno na kutikisa kichwa, na nikaanza kuongea na walimu wenzangu kuhusu plagi hadi wakawa wanahama meza. Katika mwezi wa nane injini iliwaka. Moshi ulijaa bandani, mimi nikalia, na Taratibu akasema ni petroli, inawasha macho. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakusogea mpaka injini ilipozimwa.

Nilidhani tumebakiza wiki mbili. Lakini kuanzia hapo Taratibu akawa Taratibu kwelikweli. Kila Jumamosi ananiambia bado. Mara breki zinavuta upande mmoja, mara klachi anairekebisha. Nikiuliza kinachofanyika katikati ya wiki, wakati niko kazini, anasema analizoeza. Sikuwahi kusikia gari linalozoezwa, lakini sikutaka kuonekana mshamba.

Mwaka ulipobakiza siku kumi nilisema liwalo na liwe, Jumamosi ijayo gari litatoka. Nilimwalika mdogo wangu aje ashuhudie kushindwa kwake, na baba mdogo akaja amevaa koti mojawapo. Gari lilisukumwa hadi uani. Nilikiri moyoni kwamba hata baba hakuwahi kuliona likiwa zuri vile: kijani kilichoiva, bampa zinang'aa, viti vimeshonwa upya kwa ngozi ya rangi ya chai. Nikafungua mlango, nikaingia, na magoti yangu yakakwama kwenye usukani. Mbao zilikuwa palepale, kiti kilikuwa palepale mbele kabisa. Nilimtazama Taratibu. Yeye alikuwa akitazama tairi.

Sikutaka kuharibu siku. Nikajikunja, nikawasha, injini ikanguruma vizuri. Tatizo likawa gia. Gia ya gari lile iko kwenye usukani, ni kijiti tu cha pembeni, na mimi maisha yangu yote nimeendesha magari yanayojibadilisha gia yenyewe. Gari likaruka mbele kidogo, likazima. Nikawasha, likazima. Mara ya tatu lilirudi nyuma, jambo ambalo sikuwa nimeliomba. Mdogo wangu alitoa simu yake akaanza kutafuta namba ya mtu wa vyuma chakavu, polepole, ili nimwone.

Hapo ndipo mama alipotoka ndani. Alikuwa amevaa viatu vya bapa, kajifunga kitambaa kichwani, mkoba begani. Alikuja mpaka kwenye mlango wa dereva.

"Shuka, baba," aliniambia.

Nilimwambia asubiri, nalimudu sasa hivi. Akarudia neno lile kwa sauti ileile, nikashuka. Mama akaingia. Kiti kilimpokea, miguu ikakaa juu ya zile mbao bila kuzitafuta. Akasogeza kioo cha katikati, akakanyaga klachi, akavuta kile kijiti kwake na chini. Gari likaondoka kimya kimya, likazunguka uani, likapita kati ya kisima na kamba ya nguo, likasimama mbele yetu. Baba mdogo alivua miwani.

Alishusha kioo na kunikabidhi kadi ya gari. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulainika kwenye mikunjo, lakini wino ulisomeka. Jina la mmiliki lilikuwa la mama, na lilikuwa jina lake la usichana. Alikuwa amelinunua akiwa mkunga mwaka mmoja kabla ya kuolewa, ili azungukie zahanati. Mdogo wangu alisoma juu ya bega langu, akairudisha simu mfukoni.

Mama alitueleza bila kuzima injini. Baba hakujua kuendesha. Miaka yote ile ya mwanzo mama ndiye aliyempeleka kazini na kumrudisha, na ilikuwa sawa hadi baba alipopandishwa cheo na wenzake wakaanza kumtania kwamba bosi anaendeshwa na mkewe. Jioni moja baba akatangaza kwamba gia imekufa. "Gia haikufa," mama alisema. "Lakini mume alikuwa mmoja. Nikamwachia gari lake."

Nilisimama pale na kadi mkononi nikijaribu kukumbuka. Kumbukumbu ninayo, nimeisimulia mara nyingi: niko kiti cha nyuma, barabara inapita, mkono wa baba uko nje ya dirisha la mbele, shati limekunjwa hadi kwenye kiwiko. Ni mkono wa kushoto. Usukani wa gari lile uko kulia, na katika kumbukumbu yangu pale kwenye usukani hapana mtu. Gari linakwenda tu. Karibu miaka arobaini nimembeba mtoto yule kichwani na sikuwahi kumwuliza nani alikuwa anaendesha. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda hadi masikioni.

Nilimgeukia Taratibu kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia yeye. Alikiri bila kusukumwa. Gari lilikuwa limepona tangu miezi miwili iliyopita. Katikati ya wiki mama alikuwa akilizungusha uani, baadaye mtaani, na wiki iliyopita alikuwa amekwenda kupimwa macho na kupewa leseni mpya. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mwenye gari hakumtuma.

Mama aliweka mkoba kwenye kiti cha abiria. Nilimwuliza anakwenda wapi, ingawa nilijua.

"Kwa mdogo wangu."

"Mama, nitakupeleka mimi. Sasa hivi, kwa gari langu."

"Ulishasema," alijibu, bila ukali.

Basi nikauliza lile lililokuwa linaniuma zaidi. Nilimwuliza kwa nini alikaa kimya siku ile ya mgawo, akaniacha mwaka mzima nipoteze Jumamosi zangu kwa gari ambalo si langu, na neno moja tu lingetosha.

Aliniangalia kama mama anavyomwangalia mtoto anayempenda na ambaye hatarajii makubwa kutoka kwake.

"Ningekwambia ni langu," alisema, "ungelitengeneza?"

Mdogo wangu alinitazama, baba mdogo alinitazama, hata Taratibu aliliacha tairi lake akanitazama. Kisha nikaenda kumfungulia geti.