Ukuta Usiofika Juu

Dunstan alivunjika mguu mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa. Toroli la mkonge liliacha reli likamlalia pajani. Alikuwa manamba kutoka Songea, hana mke wala ndugu katika shamba lile la upande wa Korogwe. Dresa wa zahanati ya shamba alimfunga mguu kwa mbao na vitambaa, akamwambia:

"Usiukanyage mpaka niseme mimi. Lakini usilale kama gogo. Mikono ifanye kazi, na mguu mzima uwe unaukunja na kuukunjua. La sivyo mwili wote utakwisha hapo kitandani."

Wenzake wakamrudisha chumbani kwake kambini, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakaenda zao.

Kilichomshangaza ni jinsi kambi ilivyoweza kuendelea bila yeye. Alfajiri chuma cha nyapara kililia, watu wakatoka wakikohoa, na rafiki yake Bernardo akapitia kumwachia maji na kiporo cha ugali. Baada ya hapo palikuwa kimya. Kuku walichakura nje ya mlango, na mbali kabisa mashine ya korona, ile ya kukamua mkonge, ilivuma bila kupumzika. Tundu la msumari kwenye bati lilipitisha jua, na doa la mwanga likawa linatambaa ukutani. Dunstan alilitazama mpaka lilipofifia. Jioni Bernardo alirudi amechoka, akaongea kidogo, akasinzia amekaa.

Chumba cha pili alikaa Chausiku, mjane wa Mdoe. Mdoe alikuwa Mzigua wa Sindeni, mkata mkonge wa genge moja na Dunstan. Homa ilimshika ghafla, akafa hata hajafikishwa hospitali, majuma machache kabla ya ajali ya toroli. Mkewe akakaa eda humo humo chumbani. Wifi yake Swaumu, dada wa Mdoe, alilala naye, lakini kila asubuhi alikwenda kuuza vitumbua njia ya Kilole, asirudi mpaka alasiri. Dunstan alimfahamu Chausiku kwa salamu tu.

Kuta za kambi ile hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi, na mtu akipiga chafya chumba hiki, chumba cha pili walimwombea afya.

Siku moja Dunstan alinyoosha mkono kuchukua maji, kopo likaanguka, maji yote yakamwagika. Akatukana kwa Kingoni, kisha akajilaza akihema.

"Shemeji, kuna nini huko?" sauti ya mwanamke iliuliza.

Dunstan hakutegemea kusemeshwa mchana.

"Maji yamemwagika, shemeji."

"Pole. Nami siwezi kutoka kukuletea."

"Najua. Wala mimi siwezi kuyafuata."

Chausiku akasema polepole, "Basi tumefungwa wawili."

Kesho yake yeye ndiye aliyeanza. "Umeamkaje, shemeji?" Wakaulizana habari za mguu, habari za usingizi, habari za mvua. Yalipokwisha hayo wakasikia mtu anapita nje.

"Huyo nani?" Chausiku aliuliza.

"Nyapara. Sikia buti."

"Nyapara hatembei hivyo, ana haraka. Huyo ni karani."

Sauti ya karani ilisikika ikimwita mtu huko mbele, na Dunstan akakubali ameshindwa. Tangu hapo kila aliyepita walimshindania kwa hatua zake: mwenye ndoo, mwenye mtoto mgongoni, mlevi wa kambi ya juu. Chausiku alikuwa hodari kumpita. Alikwisha kukaa ndani muda mrefu zaidi.

Alipojua Dunstan ameagizwa kuifanyisha mikono kazi, alifunga ukindu kitita, akaurusha juu ya ukuta, ukamwangukia kifuani.

"Nifanye nini na hii?"

"Usuke ukili. Mimi nitaunga mkeka."

"Mimi ni mwanamume, shemeji!"

"Nani anakuona?"

Akamfundisha kwa maneno matupu: huu pitisha chini, huu kunja, kaza, ongeza mwingine. Ukili wa kwanza ulipinda, Chausiku akauangalia akaurudisha ulikotoka. Wa pili akaufumua. Kidogo kidogo vidole vya mkata mkonge vikazoea, na Dunstan akawa anarusha mapindi yaliyonyooka, asikie upande wa pili yakipokewa.

Siku moja wakiwa kazini hivyo, Chausiku akauliza, "Shemeji, huko kondeni Mdoe alikuwaje?"

"Alikuwaje vipi?"

"Hapa nyumbani alikuja kula na kulala. Mchana wote alikuwa na nyinyi. Sehemu hiyo mimi siijui."

Dunstan akamweleza jinsi Mdoe alivyoiga sauti ya nyapara, watu wakainuka kwenda kupumzika kabla ya wakati. Siku nyingine akamweleza jinsi alivyokaa juani ili kijana mgeni mwenye homa apate kivuli. Akamweleza jinsi alivyoogopa vinyonga. Dunstan alisikia mlio wa ukindu umesimama upande wa pili, akajua Chausiku anasikiliza. Asubuhi zikawa na jambo la kungojea.

Lakini mambo ya Mdoe hayakuwa mengi kiasi hicho. Yalipokwisha, Dunstan akaanza kutunga. Akasema Mdoe aliwahi kumpanda punda wa Bwana Shamba, punda akampeleka mbio mpaka Segera, akaingia naye dukani kwa Mwarabu.

Chausiku akasema, "Hilo umelitunga."

"Nimelitunga."

"Mwarabu alisemaje?"

Dunstan akaendelea, na Chausiku akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyekuwa amekisahau. Swaumu akaingia wakati huo huo. Siku hiyo vitumbua viliisha mapema.

"Eda gani hii, wifi? Kaka yangu kaburi halijaota nyasi, wewe unacheka na mwanamume ukutani?"

Kesho yake Dunstan alisalimu, hakuitikiwa. Kesho kutwa vilevile. Alisikia tu kikohozi na mkono ukichambua mchele. Akaacha kusuka. Akaacha kukunja mguu. Bernardo akamwambia, "Mbona umekonda hivi?" naye akasema ni ugali wa baridi.

Hatimaye Swaumu mwenyewe alisimama mlangoni pake.

"Nimekuja nikuambie uso kwa uso," alisema. "Mwanamke yule ana heshima yake. Watu watasema."

"Nilikuwa namweleza habari za marehemu, dada. Basi."

"Habari gani za kuchekesha?"

Dunstan akafikiri, akamweleza ile ya kinyonga, maana ilikuwa ya kweli: jinsi Mdoe alivyotupa panga na kukimbia, kisha akarudi kwa kujikaza na kusema alikuwa anafuata maji.

Swaumu alianza kutabasamu, tabasamu likakatika njiani. Akakaa kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. "Tangu mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namtolea vinyonga njiani."

Alipoinuka alisema, "Zungumzeni nikiwapo."

Basi wakazungumza alasiri, Swaumu akiwa katikati. Mara nyingi yeye ndiye aliyeuliza na yeye ndiye aliyejibu. Dunstan hakuthubutu kutunga mbele ya dada wa marehemu. Chausiku alisema machache. Ilikuwa afadhali kuliko kimya, lakini hayakuwa yale mazungumzo ya asubuhi, na wote wawili hawakuwa na njia ya kuambiana hivyo.

Eda ikaisha. Wanawake walikuja na maji na ubani, na Kibwana, kaka yake Chausiku, akafika kumchukua yeye na Swaumu, warudi kwao Sindeni. Chausiku alisimama mlangoni kwa Dunstan katika kanga mpya. Alionekana mfupi kuliko sauti yake.

"Shemeji, mimi naondoka."

"Safari njema, shemeji."

"Na mguu upone."

"Mungu akipenda."

Alifungua mdomo kama aliye na neno jingine. Kibwana akaita kwamba lori halingoji mtu. Chausiku akageuka.

Asubuhi iliyofuata Dunstan alisema kwa mazoea, "Umeamkaje, shemeji?" Kuku nje wakaendelea kuchakura. Baada ya siku kadhaa chumba kile kikapewa mtu mwingine na wanawe, kelele kutwa, na hakuna aliyejua jina la Dunstan.

Mbao zilipofunguliwa mguu ulikuwa umepungua, akawa anachechemea. Akapewa kazi ya kuanika nyuzi za mkonge kwenye waya, pamoja na akina mama na wazee. Mapumziko ya kwanza Bernardo alimfuata huko wakakaa chini.

"Hebu niambie," Bernardo alisema, "muda wote ule peke yako ndani, ulikuwa unafanya nini?"

Dunstan alitazama nyuzi nyeupe zinavyopeperuka safu kwa safu mpaka kwenye kona ya uwanja.

"Nililala," alisema.

"Umestarehe, bwana wewe!" Bernardo akacheka, akampiga begani.

Dunstan naye akacheka. Kisha akainuka kwa taabu, akachukua fungu jingine la nyuzi, akaanza kulitandaza.