Vikohozi Thelathini

Kila asubuhi saa tatu, Munira alipanda ngazi ya chuma nyuma ya duka la mama yake, katika mtaa wa West Indies, akazima pampu iliyofungwa juu ya paa, akaitoa filta kwa kibano na kuilaza kwenye kisahani cha plastiki. Filta ilipanda ikiwa nyeupe na kushuka ikiwa na rangi ya majivu, maana ilikuwa imeivuta hewa ya mtaa kwa saa ishirini na nne. Aliandika namba kwenye kifuniko, akaweka filta mpya, akateremka kunywa chai. Alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, akitafiti kemikali zilizomo hewani.

Nyuma ya ukuta wa duka kulikuwa na tanuri la kuyeyusha betri kuukuu za magari. Halikuwa na jina langoni wala leseni. Moshi wake ulitoka mchana kweupe, na ulikuwa na ladha ya sarafu mdomoni.

Filta ya saba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukohoa. Ilikohoa maabara, juu ya mizani, mara mbili, kwa adabu, jinsi wazee wanavyokohoa langoni kabla ya kuingia kwa watu. Kipkirui, fundi wa maabara, alijibu "Karibu" bila kuinua kichwa. Hakuna aliyeingia. Ikakohoa tena, namba za mizani zikarukaruka.

"Hiyo haitapimika leo," Kipkirui alisema. "Wacha itulie kwanza."

Munira hakuuliza ni nani. Ukikaa ploti moja na watu miaka ishirini, unawajua kwa vikohozi vyao. Hicho kilikuwa cha Mzee Mahamud, fundi cherehani wa mlango wa pili, kilichoanza kwa mkwaruzo na kuishia kwa kamluzi. Lakini asubuhi ile Mzee Mahamud alikuwa mzima kabisa, anakula mahamri. Siku ya tatu alianza kukohoa, na hakuacha mpaka walipomzika.

Mambo yakawa hivyo. Filta ikikohoa, mwenye kikohozi analala kitandani siku ya tatu. Munira alijaribu kumwahi Brigid, muuza mboga, ambaye aliamini mara moja na kukimbilia Kesses kwa dada yake. Siku ya tatu akapiga simu.

"Kimenipata huku," alisema, kama anayezungumzia mvua.

Baada ya wiki tano filta kumi na moja zilikuwa zimekohoa, na watu watatu walikuwa wamezikwa. Munira aliogopa. Aliogopa akipanda ngazi na aliogopa zaidi akiteremka. Hofu yake ilikuwa na jina moja tu, Khadija, mama yake, ambaye kutwa nzima alikaa dukani ameuegemea ukuta ule.

Alipeleka filta mbili kwa afisa wa mazingira. Afisa alisogeza kikombe chake, akasikiliza zote mbili mpaka mwisho.

"Zinasikika vizuri," alisema. "Lakini siwezi kufunga biashara ya mtu kwa filta. Leta utafiti uliopitishwa na chuo. Hapo tutasonga."

Basi akaenda mbele ya jopo la chuo. Visahani kumi na kimoja vilipangwa mezani, vikawa vinapokezana kukohoa. Profesa Jelagat, mwenyekiti, aliomba dirisha lifungwe ili wasikie. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshtuka. Mmoja aliuliza kama pampu ilisawazishwa. Ilikuwa imesawazishwa.

"Kazi ni safi, Munira," alisema Daktari Mukhwana, msimamizi wake. "Shida ni sampuli. Kumi na moja ni kidogo sana. Nipatie thelathini, takwimu zitasimama."

"Daktari, hao thelathini ni watu."

"Najua. Ndiyo maana hatutakuharakisha."

Walimwongezea miezi sita, wakampa na kabati la kuhifadhia filta, mbali na wanafunzi wanaofanya mtihani.

Jioni hiyo Munira aliingia kwenye ploti akisalimia watu mlango kwa mlango. Alipofika wa nne akagundua kwamba anawahesabu. Aliona haya, akaingia ndani bila kusalimia waliobaki.

"Mama, twende Soy kwa mjomba," alisema.

"Na si Brigid alienda?" Khadija alijibu, akipanga paketi za unga. "Kilimfuata. Sasa duka nimwachie nani?"

Munira akaamua kuizima pampu. Bila filta, alifikiri, hakuna kitakachokohoa. Siku mbili paa lilikuwa kimya, naye akalala usingizi. Siku ya tano Salim wa bucha alianguka nyuma ya kaunta yake. Hakuna filta iliyomtangaza, kwa hivyo hakuingia kwenye hesabu, na Daktari Mukhwana alisema kwa masikitiko kwamba huyo amepotea bure. Munira aliiwasha pampu tena.

Jumanne moja alikuwa anateremka na kisahani mkononi, kwani filta mpya alikuwa ameisahau chini. Khadija alikuwa amemshikia ngazi chini. Filta ikakohoa kabla ya kufunikwa, kikohozi kidogo kikavu, mara mbili, halafu pumzi ndefu yenye "aa" nyepesi mwishoni. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa kikimwamsha Munira kwenda shule.

Khadija aliinamisha kichwa akasikiliza.

"Na huyu ni nani tena?"

"Sijamjua bado, Mama."

"Ni mwanamke," Khadija alisema. "Na si mzee. Maskini. Ukimjua uniambie nimpelekee supu."

Munira alisema sawa. Alikandamiza kalamu mpaka ikatoboa lebo. Akabandua ile, akabandika nyingine, akaandika kikohozi cha kumi na mbili. Ng'ambo ya ukuta walikuwa wanashusha betri za siku hiyo kutoka kwenye lori. Akapanda ngazi kuweka filta ya kesho.