Dawati Lililoota Safu ya Mbele

Kipindi cha nne, mwalimu wa Kiingereza alikuwa akisahihisha sentensi ubaoni. Kila alipofuta "the" pasipohitajika, kijineno kilianguka sakafuni kwa mlio wa punje ya mchele. Mfagiaji alisubiri mlangoni na kizoleo chake. Kwa siku alizoa kikombe kizima.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amesikiliza masomo akiwa upande wa nje wa dirisha. Alitaka jambo moja tu: akae darasani, afanye mtihani kama wengine.

"Mwalimu," aliuliza, "mbona kwenye 'go to the school' umekiondoa hicho kijineno 'the'?"

"Anayekwenda kusoma hakihitaji, mama. Ni kama kwenda kulala, 'go to bed'. Lakini fundi anayekuja kupaka rangi, huyo anakihitaji."

"Na anayekuja kufagia?"

"Huyo pia."

"Hata akija kila siku?"

"Hata akihamia hapa hapa."

Watoto wakacheka. Mfagiaji hakucheka wala hakununa. Alikwenda bombani, akavua viatu, akavichunguza kimoja kimoja. Chini ya soli ya kulia kilikuwepo kijineno, kimeganda kama lami. Akakibandua polepole kwa ncha ya kijiko, asije akakivunja, akakitia mfukoni.

Asubuhi iliyofuata dawati lilikuwa limeota safu ya mbele, miguu yake ingali na unyevunyevu. Mfagiaji akakaa. Msichana aliyekuwa pembeni akamsogezea kitabu.

"Bibi, tuko ukurasa wa arobaini."

"Bibi yako yuko nyumbani. Mimi na wewe tunasoma pamoja."

"Haya, mwenzangu. Lakini usinichungulie majibu."

Mwalimu mkuu alikuja, akalitikisa dawati kuona kama limeshika vizuri, kisha akapekua daftari la mahudhurio. Jina la mfagiaji lilikuwamo, kati ya mengine, na wino wake ulikuwa umekwisha kukauka. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Mwisho wa muhula mfagiaji alifanya mtihani. Alipata ishirini kwa ishirini. Mwalimu wa Kiingereza alimpa mkono mbele ya darasa, akamsifu kwa dhati kabisa. Kengele ilipolia na wanafunzi wengine kutoka, akamwomba afunge madirisha na kupiga deki, aanzie pale chini ya dawati lake la safu ya mbele.