Sehemu Kumi za Wayo

…bado ya moto, naongeza kikombe cha maji baridi na kuchovya kiwiko tena, kiwiko changu, maana wayo wake hauwezi kusema kama maji yanaunguza, Wanza ndiye anayemwosha, mimi kazi yangu maji tu, na sebuleni namsikia mama mkwe, "Wanza, mwambie baba Mwende mimi si supu ya miguu ya mbuzi wa soko la Kiamaiko," na mke wangu anacheka, Jumatatu mamake anakatwa vidole vitatu na bado anacheka… hata kuungua mama mkwe alisimulia kama kichekesho, alikaa karibu na jiko, akasikia harufu, akadhani ni maziwa ya jirani, kumbe ni yeye… nami nilicheka, mimi ambaye mwaka huu wote wa tisini na sita kazi yangu ni kubonyeza uzi wa nailoni kwenye nyayo za wagonjwa wa sukari, sehemu kumi kila wayo, mgonjwa amefumba macho, akihisi anasema hapo, asipohisi ananyamaza, na anayenyamaza ndiye anayepewa viatu, dawa na muuguzi kwa miaka miwili bila malipo, ndivyo Daktari Shitanda alivyoupanga utafiti, na kwa mtu kama mama mkwe, aliyerudishwa dirishani mara mbili kwa kukosa ada ya faili, utafiti ndio uliokuwa hospitali… nilimleta mwenyewe kwenye foleni, ukumbi wa kanisa hapa mtaa wa Tena, nikijua atapimwa na muuguzi Benta, halafu foleni ikagawanywa, akaangukia kwangu, akaona nani ameshika uzi, akavuta leso ikafunika vidole, akatazama ukuta, nami nikatazama fomu, maana kwetu Ukambani mtu hamshiki mama mkwe miguu, hata njiani unampisha, na siku tuliyofundishwa uzi hakuna aliyetuuliza habari za wakwe… uongo, Benta alikuwa hatua nne tu, anakunywa chai, ningesema dada, nipimie huyu, maneno matatu, lakini niliona aibu, karani mwenye tai anaogopa miguu ya mama mzee, angewasimulia wote… nikaandika hapo, hapo, hapo, mara ishirini, kwa mwandiko mzuri… Wanza anaita, "Hayo maji yamefuatwa mto Athi?"… yanakuja, mama Mwende, yanakuja… na hizo hapo ishirini sasa zimo kwenye hesabu za Shitanda, miguu yenye afya, zitasomewa wageni ukumbini, na mama mkwe jioni ile alimwambia binti yake, hakuniambia mimi, "Mumeo ana heshima"… miezi minane nimelibeba neno hilo, miezi minane nimeilaumu mila, nayo mila haikushika kalamu, wala sijui kama alifunika miguu kwa kuwa nilishageuza uso, au niligeuza uso kwa kuwa alifunika… mguu wa kushoto umeshaamuliwa, wa kulia bado, orodha inafungwa kesho, fomu ikibaki ilivyo hatapata hata viatu, nikiirekebisha lazima niseme kwa nini, na kazi… uzi umo mfukoni mwa shati… kiwiko kinasema maji ni sawa, yamekuwa sawa kitambo, Wanza ananiita mara ya tatu, bado nimesimama jikoni na beseni, lakini nishajua nitakapoanzia, kabla ya Benta, kabla ya Shitanda, nitapiga magoti pale kwenye leso na kumwambia yeye mwenyewe, si kupitia kwa Wanza, Mama, siku ile sikukupima.