Koti la Wenyeviti Wawili

Asubuhi ya sherehe ya kuunganisha vyama, fundi alipiga pasi makoti mawili akayatundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Koti pana lilikuwa la mwenyekiti wa chama cha taifa, ambaye kila mtu alimwita Mheshimiwa. Jembamba lilikuwa la mwenyekiti wa chama kidogo cha kusini, aliyeitwa Kipaza kwa sababu alihutubia bila kipaza sauti na watu wa nyuma kabisa wakamsikia. Pindo za mikono ya kulia, za makoti yote mawili, fundi alizishona kwa uzi mmoja. Uzi huo aliufumua kwenye shati ambalo mwanawe aliuawa akiwa amelivaa.

Mwanawe alipigwa risasi kwenye mkutano wa chama kidogo, amebeba bendera, na aliyempiga alikuwa mkuu wa walinzi wa Mheshimiwa. Kipaza aliona kwa macho yake. Makaburini alishika udongo akamwapia fundi: "Dada, mtoto huyu alikuwa akiniita mjomba. Nitamtaja aliyemuua mbele ya umma, hata wanikate ulimi." Kesi ikafunguliwa, shahidi pekee ni yeye. Kisha yakaja mazungumzo ya kuungana, na sharti la kwanza la chama cha taifa lilikuwa kwamba kesi ile ife. Ikafa. Kipaza akaahidiwa uwaziri, na tangu siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma asikutane na fundi.

Uwanjani wenyeviti walipeana mikono mbele ya kamera, na mikono haikuachana. Wapiga picha walishukuru, maana walipata muda wa kutosha. Chakula cha mchana walikula hivyo hivyo, kila mmoja na kijiko chake mkono wa kushoto. Baadaye aliitwa daktari, akavaa miwani, akakagua. Kiganja kilikuwa kimeingia ndani ya kiganja, na pembeni palizunguka mshono mdogo mdogo, safi kabisa.

"Hii si kazi yangu," alisema daktari. "Mtafuteni aliyeshona."

Fundi akaja na mkebe wake wa sindano. Hakukana. Aliinama, akapapasa, akasema uzi huo unafumuka, tena bila maumivu, ila ana sharti.

"Mtaje," alimwambia Kipaza. "Mkutanoni, watu wakisikia. Ukishamtaja, nafumua."

"Dada, mbona unanitia kitanzi? Subiri basi uchaguzi upite."

"Nasubiri, kaka yangu. Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni huo mkono wako."

Mheshimiwa alicheka. Kwake yeye mkono ulikuwa mzito kidogo tu, akasema atazoea.

Basi Kipaza akaanza kuingia mwilini mwa Mheshimiwa. Kampeni zilipoanza kiwiko kilikuwa kimeshazama, kisha likafuata bega. Mke wake alilalamika kwamba hajui alale wapi, akaletewa kitanda kikubwa, akanyamaza. Chama kiliagiza koti moja la watu wawili, na fundi ndiye aliyepewa kazi, kwa kuwa vipimo vyao alikuwa navyo. Kila alipopima alikuta Mheshimiwa ameongezeka kiuno na Kipaza amepungua. Aliuvuta utepe kuliko ilivyohitajika, na Kipaza alipoguna, fundi alifurahi. Alifurahi sana, wala hakumficha mtu.

"Vipi, umeamua?" aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Dada, nikimtaja sasa nitaivuruga kampeni nzima."

"Haya. Nyoosha shingo."

Chama kilishinda. Siku ya kuapisha mawaziri, karani alieleza kwamba Kipaza hahitaji kuapa, kwa sababu Mheshimiwa ameshaapa na wote wawili wako ndani ya koti lilelile. Wizara akapewa mtu mwingine. Wakati huo Kipaza alikuwa amebaki uso tu, chini ya kwapa la Mheshimiwa, na fundi alikuwa amemwachia tundu kwenye koti ili apumue. Siku ya kujaribu koti jipya alilia. Machozi yakalowesha bitana.

"Nitamtaja, dada," alisema. "Nitamtaja mkutano huu wa kwanza."

Mkutano ulijaa. Mheshimiwa aliinua mkono kusalimia, na kutoka kwapani Kipaza akazungumza kwa sauti yake ile ya zamani. Alimtaja mkuu wa walinzi, jina lake na la baba yake. "Huyu ndiye aliyempiga risasi mtoto wa fundi," alisema. "Nilikuwepo. Niliona." Watu wa nyuma kabisa walisikia. Kisha mmoja akapiga makofi, maana jina likitajwa jukwaani hupigiwa makofi, na uwanja mzima ukafuata. Mkuu wa walinzi alisogea mbele akapunga mkono. Mshereheshaji aliwashukuru ndugu wa kusini kwa salamu zao.

Fundi alipanda jukwaani na kifumulio mkononi. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikio yanauma. Ncha ya uzi aliiona, imechomoza chini ya kidevu cha Kipaza. Kuvuta mara moja tu kungetosha.

"Nimemtaja, dada," Kipaza alinong'ona. "Fumua."

Fundi aligeuka kuwatazama watu, halafu akamtazama mkuu wa walinzi, ambaye alikuwa bado anapunga. Akakirudisha kifumulio mfukoni.

Siku hizi jambo hilo limeingia kwenye ratiba. Baada ya sala na kabla ya hotuba, Mheshimiwa huinua mkono, Kipaza hutaja, watu hupiga makofi, na mkuu wa walinzi, ambaye amepandishwa cheo, husimama na kupunga. Fundi hukaa safu ya mbele kila mkutano. Kipaza akimaliza humtafuta kwa macho.

"Hawajasikia," fundi humwambia. "Sema tena."