Koti la Mpiga Dramu

Jumanne asubuhi fundi cherehani alikuwa akikata uzi kwa meno, kiongozi wa bendi ya roki akaingia na koti jekundu begani.

"Dada fundi, nipunguzie mabega. Safari hii nimepata mwembamba."

Lilikuwa koti la mpiga dramu. Wa kwanza kulivaa alikuwa kaka yake fundi, bendi ilipoanza. Alipougua kifua walimtoa, koti wakabaki nalo, na nguvu za vidole vyake zikabaki humo. Tangu hapo hata kijiko humponyoka; dada yake ndiye humlisha. Warithi wake wanne hawakujua kupiga hata hodi, lakini kila aliyelivaa alipiga kama yeye, watu wakacheza. Bendi ile ilibadilisha watu kama soksi, na afadhali soksi, hufuliwa zikarudi.

Kiongozi alipoondoka, vifungo vya koti vikaanza kugonga meza.

"Huyo ni mimi," kaka yake akasema kutoka kitini pembeni mwa cherehani.

"Basi livae, kaka, vidole vikurudie. Nitawaambia limeungua na pasi."

Akamvalisha. Koti likanyamaza, na vidole vyake visisogee. Bega moja lilining'inia, kwapa likambana, mkono wa koti ukaishia karibu na kiwiko. Miaka yote hiyo fundi alikuwa amelipunguza kwa mwembamba, akalitanua kwa mnene, akalikata kwa mbilikimo, kila mara akijiambia ni safari hii tu.

"Nani kalishona hivi?" kaka akauliza.

Fundi akainama kutafuta sindano iliyokuwa mdomoni mwake, kisha akamvua koti, akalipunguza mabega.

Alasiri mpiga dramu mpya, aliyekuwa muuza viatu, akaja na kiongozi kujaribu. Alipofunga kifungo cha mwisho, vidole vyake vikapiga mezani wimbo wa kwanza wa bendi, ule aliotunga kaka.

"Usikimbilie mwisho," kaka akamwambia. "Pale mimi huvuta pumzi."

"Ahsante, mzee." Akavuta pumzi, akaenda kujitazama kwenye kioo.

Kiongozi akapapasa mshono. "Dada fundi, umebakiza kitambaa ndani?"

"Upana wa vidole viwili."

"Bakiza vitatu. Huyu naye hatakaa."

Fundi akalirudisha koti kwenye cherehani, akafumua, akashona upya. Alipomaliza, supu ilikuwa imepoa zamani. Akachota kijiko, akakipuliza kwa mazoea, akamwambia kaka yake afumbue mdomo.