Vidole Vinne kutoka Chini

Kila Jumatatu asubuhi, kabla jua halijaipasha moto sakafu, Mfaume aliliingiza trekta dogo la kijivu ndani ya ghala la mpunga la Umwe, kwa sababu hapo palikuwa na saruji, na hapakuwa na mahali pengine palipokuwa bapa kwa yakini. Alizima injini, akachomoa waya wa plagi, akagonga kila gurudumu kwa spana na kusikiliza kama upepo umepungua. Kisha akamwita mkewe.

Zamda alilala ubavu sakafuni, akaupitisha mkono chini ya tumbo la trekta. Hapo ilining'inia sahani pana ya chuma, na ndani yake mlikuwa na visu vitatu vya kukatia majani. Sahani ilishikwa na vyuma vinne, kila chuma na nati yake. Bwana wa Viwanja, mkubwa wa serikali aliyesimamia viwanja vya ndege, alitaka majani yakatwe inchi tatu kutoka chini. Kijiti cha inchi alichowaachia kililiwa na mchwa, na vidole vya Mfaume vilikuwa vimevimba tangu vilipobanwa na mkanda wa mashine. Lakini vidole vinne vya Zamda, vikibanwa pamoja, vilitimia inchi tatu, havikupungua wala kuzidi. Karani wa boma alivipima mwenyewe kwa rula ya ofisini, akaandika.

"Kushoto?" Mfaume aliuliza.

"Kinapita."

"Kulia?"

"Kinanikwaruza. Pandisha kidogo, Baba Thuwaiba, mkono wangu bado nautaka."

Mfaume alizungusha nati nusu duara. Kisha akavigeuza visu vitazame mbele na nyuma, Zamda akapima tena. Pua ya sahani ilitakiwa iwe chini kuliko mkia kwa unene wa punje ya mpunga, ili kisu kisirudie majani kiliyokwisha kuyakata. Ilikuwa hivyo. Sahani ikawa sawa.

Wakalipeleka trekta kiwanjani, na huko sahani ikafanya kama ilivyofanya Jumatatu zote. Kila ilipofika juu ya mtu, ilijiinua.

Haikuruka wala kupiga kelele. Ilijiinua shibiri moja, kama mwanamke anavyoinua upindo wa kanga akipita penye mkeka wa watu, ikapita, ikashuka upande wa pili. Nyuma yake majani yalibaki marefu, kipande kimoja chembamba cha urefu wa mtu aliyelala, ubavu ukielekea kibla. Vipande vilikuwa arobaini na kimoja. Mfaume alisema mashine hii imelelewa. Zamda alikuwa akivitazama vile vifupi.

Kabla ya kuwa kiwanja cha ndege, mahali pale palikuwa makaburi ya Umwe. Mwaka uliotangulia ililetwa barua ya Kiingereza, na karani Abdulkarimu, mtu wa mjini aliyekuja kufanya kazi boma, akawafasiria watu barazani: serikali inataka uwanja kwa ajili ya ndege ya wapimaji wa mto, na anayesema kwamba pale pana makaburi alete mashahidi. Watu waliulizana mara mbili kama wamesikia vyema. Katika Umwe mashahidi ya kaburi ni vile vijiti viwili vya mkoko, kimoja kichwani na kimoja miguuni, vinavyokatwa delta kwa sababu mchwa hawaviwezi. Lilikuwa jambo zito, lakini serikali ndiyo iliyotaka. Walisoma dua, wakawaomba radhi wafu wenyewe, wakaving'oa vyote themanini na viwili, wakavichukua vichwani hadi boma na kuvipanga barazani kwa safu.

Abdulkarimu alivihesabu. Akaandika kwamba wadai hawakuleta mtu yeyote, ila waliacha mzigo wa kuni. Askari walivichemshia chai mwezi mzima. Bwana wa Viwanja alipokuja kutazama ardhi, masika yalikuwa yamekwisha kuyalaza matuta, na hakuona hata kijiti kimoja.

Zamda alipeleka viwili kati ya vijiti hivyo. Vilikuwa vya mwanawe Thuwaiba, aliyekufa kwa degedege kabla ya kutimiza miaka mitatu. Wakati huo Mfaume alikuwa Kibiti akijifunza mashine, na wanawake hawaendi kuzika. Waliozika walimwonyesha Zamda shahidi baadaye, naye akafunga juu yake kipande cha kanga kiwe alama yake, na kijiti kilipong'olewa alama ilikwenda nacho. Sasa wakiulizwa, mmoja husema ilikuwa karibu na mkwaju, mwingine husema la, upande wa njia ya Chumbi, na mkwaju wenyewe ulikwisha kukatwa. Vipande vifupi kiwanjani vilikuwa vitatu. Zamda alitaka kujua kipi ni chake. Hakutaka kitu kingine.

Jumatatu ile Bwana wa Viwanja alifika kwa gari, akatembea kiwanja kizima mikono nyuma. Alisema sahani haikutengenezwa sawa. Alisema atarudi Ijumaa na plau kubwa kutoka Dar es Salaam, na akivikuta vipande vile, ardhi yote ipinduliwe na kushindiliwa upya. Mfaume alijibu ndiyo bwana, kwani hilo ndilo jibu lililokuwapo.

Nyumbani Zamda alisema, "Plau ikipita, nitamtafuta wapi?"

Mfaume alimeza tonge lake. "Jumatano karani anakuja kukagua sahani. Kiwanjani haruhusiwi mtu ila mimi na mpimaji. Mpimaji ni wewe. Sisi tukitazama sahani, wewe tazama yako."

Jumatano Abdulkarimu alikuja na pimamaji, akamwambia Mfaume akate polepole. Alitembea kando ya trekta ameinama, pimamaji ameiweka juu ya sahani. Sahani ilipofika juu ya mtu wa kwanza ikajiinua, na povu ndani ya kioo cha pimamaji halikutoka katikati. Ikashuka, povu likabaki palepale. Karani alisema Bismillahi mara ya kwanza. Kufika mtu wa kumi alikuwa akiunyanyua mkono mapema, kama abiria aliyezoea njia mbovu.

"Inapanda ikiwa sawa, inashuka ikiwa sawa," alisema. "Tatizo silioni."

Akaandika: mashine iko sawa.

Nyuma yao Zamda alikuwa amepiga magoti. Sanda ya Thuwaiba aliikata mwenyewe, na kipimo kilikuwa bado kipo mkononi: shibiri nne na vidole vitatu. Kipande cha kwanza kilikuwa shibiri tano na zaidi. Cha pili hakikufika tatu, huyo alikuwa mtoto mchanga wa mtu mwingine, naye akamwombea. Cha tatu kilikuwa peke yake, mwanzoni kabisa mwa kiwanja, mbali na ulipokuwa mkwaju. Shibiri moja, mbili, tatu, nne. Kidole, kidole, kidole. Majani yakaishia hapo.

Alipima tena kuanzia miguuni. Kisha akatoa kisu cha jikoni alichokifutika kiunoni, akang'oa magugu, akakata kingo zote nne zikanyooka kama ukingo wa mkeka mpya. Kazi ilimchukua muda mrefu na hakuna aliyemharakisha.

Karani alipokuwa akifunga daftari, Zamda alimwendea, akamwomba aandike kwamba pale pana kaburi.

"Mashahidi?" karani aliuliza. "Na safari hii, bibi wee, watu. Si kuni."

"Umeiona sahani kwa macho yako, Bwana Karani."

"Nimeiona. Lakini sahani haili kiapo."

"Na wewe?"

Abdulkarimu alichomeka kalamu mfukoni. "Mimi ni mwandishi," alisema, bila ubaya. "Mwandishi hajiandiki."

Ijumaa ndege ilikuja kabla ya plau. Ilizunguka juu mara tatu bila kutua, ikaenda zake, na jioni ikaletwa barua. Rubani alisema kiwanja ni kizuri. Vipande vya majani vinaonekana vyema kutoka juu na vyote vimelala upande mmoja, hivyo humwonyesha jinsi ya kuielekeza ndege. Kilichomfaa zaidi ni kile kidogo cha mwanzoni, ambacho kingo zake zimenyooka kuliko vyote. Aliomba vipande visikatwe, vipakwe chokaa, na hicho kidogo kiwe alama ya kugusia gurudumu anapotua.

Bwana wa Viwanja alifurahi. Plau ilirudishwa njiani. Mfaume alipewa pakiti ya sigara na kuambiwa asiiguse tena sahani ile, ilivyo ndivyo. Na kwa kuwa mpimaji alivijua vipande vyote, alipewa ndoo ya chokaa na ufagio wa makuti.

Tangu hapo Zamda huingia kiwanjani kila mvua inapoosha chokaa. Huanza na wakubwa. Akifika kwa Thuwaiba hupaka kwa kiganja badala ya ufagio, na husema naye maneno machache ya nyumbani: kuku ametaga, bibi yako anakusalimu, baba yako kikohozi kimepungua. Askari wa lango akipuliza filimbi kwamba ndege inakuja, huchukua ndoo yake na kutoka, lango la waya hufungwa, naye husimama nje pamoja na wengine.

Sahani ilikuwa ya hapa, ilipimwa kwa mkono wa hapa. Ndege ilitoka mbali na haikumjua mtu. Hushuka juu ya Umwe, hunyooka, hushusha mkia, na gurudumu lake la kulia hugusa pale penye shibiri nne na vidole vitatu, kila mara palepale, kwa sababu rubani yule alikuwa hodari.